Matairi ya 4x4 ya kila siku: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Ukiwa na gari la 4x4 linalokupeleka kazini wiki nzima na kuingia porini mara mojamoja, utakutana na shida hii: matairi yanayopendeza zaidi machoni ndiyo yanayochosha zaidi barabarani. Wengi huchagua kwa picha, halafu hukaa miaka mitatu wakisikiliza mngurumo. Mimi napanga kwa kilomita. Kama nyingi ni za lami, tairi liwe la lami kwanza, na porini litimize wajibu wake tu. Mpangilio wangu unatokana na hapo.

Nafasi ya kwanza: A/T

A/T (all-terrain, yaani la lami na porini) ndilo tairi la watu wengi, hata wale wanaodhani wanahitaji kitu kikali zaidi. Kashata zake, yaani meno ya mpira yanayogusa barabara, zimekatwa vipande vyenye nafasi ya kutosha kutema changarawe na tope jepesi, lakini bado kuna mpira mwingi unaogusa lami. Ukiwa dukani, inama ulitazame kwa karibu. Juu ya kila kipande utaona mipasuo myembamba. Hiyo ndiyo inayoshika lami iliyolowa, na tairi lisilo nayo huteleza mvua inapoanza kunyesha. Chini ya mifereji tafuta vijinundu vidogo vya mpira. Kazi yake ni kuzuia mawe yasijikite na kuchimba tairi hadi kwenye nyuzi.

Lakini A/T zenyewe hazifanani. BFGoodrich All-Terrain T/A KO2, na KO3 iliyoanza kuchukua nafasi yake mwaka 2024, ni ngumu: ubavu mnene unaostahimili mawe makali, na kashata zinazodumu. Gharama yake ni uzito na mtikisiko kidogo kwenye lami mbovu. Falken Wildpeak A/T3W na Toyo Open Country A/T III zimeegemea katikati, na kwenye lami yenye maji mimi nazipendelea kuliko KO2. Yokohama Geolandar A/T G015 ni laini na tulivu zaidi katika kundi hili. Kwa gari la familia linalokutana na vumbi mwishoni mwa wiki, ningeanzia hapo.

Ukiishi kwenye theluji, tafuta alama ya mlima wenye vilele vitatu na kipande cha theluji ndani yake. Tairi hupewa alama hiyo baada ya kufaulu jaribio la kushika theluji. Herufi M+S peke yake haidai jaribio lolote. Ni maelezo ya umbo la kashata.

Nafasi ya pili: H/T

Hapa najua nitapingwa. H/T (highway-terrain) ni tairi la lami, na magari mengi ya 4x4 hutoka kiwandani nalo. Linatulia, linafunga breki vizuri, halili mafuta. Kama pori lako ni barabara ya udongo mkavu uliosawazishwa, linakutosha, na pesa inayobaki itafaa zaidi kwa pampu nzuri ya upepo. Udhaifu wake ni ubavu mwembamba na mifereji inayojaa tope ndani ya mita chache.

Nafasi ya tatu: R/T

Kundi hili (rugged-terrain) liko kati ya A/T na M/T, tairi la tope: Toyo Open Country R/T, Nitto Ridge Grappler, Yokohama Geolandar X-AT. Mabega yake yana kashata kubwa zinazong'ata tope, katikati pamebanana kiasi. Linamfaa anayekutana na tope au mawe kila wiki, si kila mwaka. Wengine wote wananunua sura.

Nafasi ya mwisho: M/T

M/T (mud-terrain) ni tairi la tope. Kwenye tope zito halina mshindani, na ubavu wake hupanda miamba bila wasiwasi. Ila kwa gari la kila siku, M/T ni mkakasi. Mapengo makubwa maana yake ni mpira mchache unaogusa barabara, na mipasuo midogo ni haba, kwa hiyo lami ikilowa gari huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Kelele nazo huongezeka kadiri kashata zinavyolika upande mmoja. Kuzungusha matairi, yaani kuyabadilishana nafasi, kila kilomita 8,000 hadi 10,000 hupunguza tatizo hilo, lakini haliondoki.

Maandishi ya ubavuni

Watu hukosea hapa kuliko kwenye aina. Chukua 265/65R17 112S. Upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, rimu ni ya inchi 17. Namba 112 ni msimbo wa uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, unaosomwa kwenye jedwali: hapa ni kilo 1,120. S ni kasi ya juu, kilomita 180 kwa saa. Usishuke chini ya namba ya uzito aliyoweka mtengenezaji wa gari, hata muuzaji akikuapia.

Ukiona LT (light truck) mbele ya namba, hilo limejengwa kwa mizigo: nyuzi zaidi, ubavu mgumu, uzito mkubwa. LT lenye namba 121 hubeba kilo 1,450. Kama gari lako halibebi hema la juu, matanki ya maji na bampa la chuma, ugumu huo utausikia mgongoni kila siku bila kuutumia. Tena LT huhitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito uleule, kwa hiyo kipimo kilichobandikwa mlangoni kwa tairi la kawaida hakihamishiki hivihivi. Mwulize fundi akufungulie jedwali la mtengenezaji wa tairi.

Kupandisha saizi kunavutia. Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo huongezeka kutoka milimita 776 hivi hadi 803. Gari linainuka nusu tu ya tofauti hiyo, kama milimita 13, wakati kasi halisi inakuwa karibu 103 kama spidomita iliyokuwa sahihi inasoma 100. Kabla ya kulipa, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto uone kama tairi litakwaruza.

Tafuta pia tarakimu nne mwishoni mwa mstari unaoanza na DOT. 2423 maana yake wiki ya 24 ya mwaka 2023. Wakati mwingine mstari kamili uko upande wa ndani, kwa hiyo ligeuze.

Na nunua matano. Kwenye gari linaloendesha magurudumu yote manne muda wote, tairi la akiba la saizi tofauti, au jipya kabisa kando ya yaliyolika sana, hulazimisha difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, kufanya kazi isiyoisha. Liingize la akiba kwenye mzunguko na yote matano yatalika pamoja.

Siku ya kufunga, dai balansi na alaimenti papo hapo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kaza nati tena kwa spana yenye kipimo. Na ukipunguza upepo kwa ajili ya mchanga, tuseme hadi psi 18, endesha taratibu, kisha ujaze kabla ya kurudi kwenye lami: ubavu uliolegea kwa kasi kubwa hupata joto hadi ukapasuka.