Nililipia Błyskawica, Nikasomewa Karatasi ya Vipimo

Nimejizuia kwa muda kuandika haya nikitumai hasira itapoa, lakini kila nikikumbuka namna yule mwongoza wageni alivyonigeuzia mgongo juu ya sitaha, naona ni afadhali niseme. Kampuni yake sitaitaja. Ni moja ya zile zinazokusanya wageni Gdańsk na kuwapeleka Gdynia kwa safari ya siku moja, na kilichonivuta kulipa, kiangazi kilichopita, ni ahadi ya maelezo ya kina kuhusu Błyskawica, manowari ya Polandi aina ya destroya ambayo imekuwa makumbusho tangu mwaka 1976.

Urefu wake, kasi yake na nguvu za mitambo yake sitaviandika, kwa kuwa kila mwenye simu anaweza kuvitafuta. Na hapo ndipo aliponichosha yule bwana, kwani kwa karibu saa nzima hakutusomea kingine kutoka katika karatasi yake. Nilivumilia hadi tulipofika omo, aliponyoosha kidole kwenye mizinga na kutangaza kwamba ndiyo ile ile ambayo meli ilitoka nayo Cowes, Uingereza, mwaka 1937. Nikasema, kwa adabu yote niliyofunzwa nyumbani, kwamba mizinga ya kwanza ilikuwa 7 ya milimita 120 ya Bofors, kampuni ya Sweden, ikaondolewa wakati wa vita na kuwekwa 8 ya Kiingereza ya milimita 102, na kwamba mitutu yenyewe ilikuwa pale mbele yetu, miwili miwili, kwa yeyote anayetaka kuihesabu. Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akaniuliza mbele ya wenzangu wote: "Kwani huko kwenu kuna bahari?" Kisha akanipa mgongo na kuendelea kusoma.

Mimi ni mtu wa Unguja. Ni kwetu ambako manowari Königsberg ya Wajerumani iliipiga manowari Pegasus ya Waingereza hadi ikazama, mwaka 1914, na baadhi ya mabaharia wake wamezikwa Chapwani, mwendo mfupi wa mashua kutoka Mji Mkongwe. Sikumwambia lolote kati ya hayo, na huko kunyamaza ndiko kunakoniuma hadi leo kuliko swali lenyewe.

Kesho yake nilirudi peke yangu, nikalipa kiingilio cha kawaida, na nusura nisamehe yote. Ukishuka katika chumba cha mitambo, ambamo mabomba yamesongamana hata huoni pa kuweka mkono, unaanza kuelewa maana ya kufanya kazi humo huku juu yako kunapigwa mizinga. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Mei 1942 meli hii ilikuwa Cowes, imerudi kutengenezwa katika mji ule ule ilikoundwa, ndege za Ujerumani zilipokuja kuushambulia. Nahodha wake, Wojciech Francki, na watu wake wakazijibu kwa mizinga mfululizo, mitutu ikapata moto hata ikabidi imwagiwe maji, na moshi ukatandazwa ili marubani wasione shabaha zao. Wakati huo meli pacha yake, Grom, ilikuwa imeshazamishwa karibu na Narvik, Norwe, miaka miwili kabla. Hata neno moja la hayo halikuwamo katika karatasi ya yule bwana, ilhali ndiyo niliyoyatolea fedha zangu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kutoa nyota tatu, kwa kuwa basi lilikuwa safi, lilifika kwa wakati, na pengine mtu yule alikuwa amechoka tu na mwingine atamkuta siku njema. Katikati ya kuandika yakaja majibu ya malalamiko yangu. Wanasikitika kwa usumbufu, wanasema, na ili nipate kujifunza zaidi wameniambatishia karatasi. Nimeifungua, ni ile ile ya vipimo. Basi nyota ni moja, nayo ni ya manowari, wao wasijihesabie. Nimewajibu kwa sentensi moja tu, nikiwaomba wamtume mtu gatini akahesabu mitutu.