Trekta kuukuu la kazi nyepesi: lipi uanze nalo, lipi uliache

Watu wengi wakianza kutafuta trekta la mtumba swali la kwanza ni HP (nguvu ya injini) ngapi, kana kwamba wanaenda kufyeka pori zima. Hebu angalia kazi zenyewe za shamba dogo: kupiga haro (kuvunja mabonge ya udongo), plau ya diski mbili, kukata majani, kuvuta trela la samadi, basi. HP 35 mpaka 50 inatosha kabisa na inabaki. Kitakachokuokoa ni haidroliki (mfumo wa oili unaonyanyua zana za nyuma) inayonyanyua na kushikilia, PTO (shafti ya nyuma inayoendesha mashine) inayozunguka vizuri na spea zinazopatikana, na mimi nimeyapanga kwa hayo matatu. Rangi sijaihesabu, kupaka rangi ni kazi ya siku moja tu na wauzaji wanalijua hilo kuliko sisi.

Namba moja, na hapa sibishani na mtu, ni Massey Ferguson 135. Limetengenezwa 1964 mpaka 1975, injini ya dizeli ya Perkins silinda tatu, HP kama 45. Uzuri wake ni kwamba hata MF 240 lililokuja baadaye linatumia injini ya ukoo huohuo, kwa hiyo pistoni, gasketi, noseli (zinazonyunyizia dizeli, moja kila silinda), filta bado vinatengenezwa mpaka leo na mafundi wengi wa dizeli wanalijua nje ndani. Ukipata 240 zima chukua hilohilo, naliweka sawa na 135. Ila uliza kama lina Multi-Power, yaani ile swichi ya kubadili mwendo bila kukanyaga klachi. Shambani ni raha tupu, lakini ikiwa upande wa chini injini haizuii trekta kwenye mteremko, linateremka lenyewe tu, sasa fikiria una trela limejaa nyuma yako. Kabla hujaanza kushuka weka upande wa juu halafu tumia gia ndogo, na yeyote utakayemkabidhi usukani umwambie hivyo kabla hajawasha.

Namba mbili Ford 3000, la 1965 mpaka 1975, nalo silinda tatu, nguvu karibu sawa na 135, gumu kweli kweli. Kwa nini sio la kwanza? Kuna yale yenye gia za Select-O-Speed, zinazobadilika bila klachi, na zikiharibika ni wachache wanaoziweza, na bili yake inaweza kukaribia bei ya trekta lenyewe. Tafuta lenye gia za kawaida na PTO isiyosimama ukikanyaga klachi.

La tatu MF 35, lakini lenye Perkins silinda tatu tu. Ya mwanzo yalikuwa na dizeli ya silinda nne ambayo asubuhi ya baridi kuwaka ni kubembelezana, kwa hiyo hesabu noseli kabla hujatoa hela, zikiwa nne achana nalo.

La nne ni vitrekta vya Kijapani, Kubota na Yanmar, hasa vya 4WD (magurudumu yote manne yanavuta). Vyepesi, havididimii sana kwenye udongo laini, vinapita kati ya mistari ya miti. Tatizo vingi vilitengenezwa kwa soko la Japani lenyewe, maandishi yote Kijapani, na namba ya modeli haipo kwenye vitabu vya spea vya nchi nyingine. Hakikisha spea kwanza, hela baadaye.

La mwisho Ferguson TE20, la 1946 mpaka 1956. Nalipenda sana hili trekta, ndilo lililosambaza ule mfumo wa pointi tatu wa kufungia zana nyuma tunaotumia wote, ila ukikanyaga klachi PTO inakatiwa nguvu ya injini na haidroliki nayo inasimama. Ukiwa unakata majani, mashine ya nyuma bado inazunguka kwa msukumo wake yenyewe na inalisukuma trekta mbele wakati wewe unataka lisimame. Kwa haro na trela sawa, kwa kukatia majani hapana.

Ford 5000 na MTZ-80 ni matrekta mazuri lakini makubwa mno kwa kazi hizi, utakuwa unalisha dizeli bure na kugandamiza udongo.

Sasa siku ya kwenda kuliona. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika gusa injini, ikiwa ya moto kuna kitu anaficha. Liwake likiwa baridi. Moshi mweupe kidogo mwanzoni sio shida, wa bluu usioisha ni oili inaungua. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inanguruma, kama inapuliza kwa nguvu ringi za pistoni zimekwisha. Oili ikiwa rangi ya maziwa imeingia maji, ondoka.

Haidroliki ndiyo ipimwe kwa uvumilivu. Funga plau nzito, nyanyua mpaka juu, acha injini inguruma, tulia uitazame. Kama mikono ya kunyanyulia inashuka kidogo halafu inaruka juu, inashuka tena inaruka tena, kuna mahali inavujisha ndani. Halafu litumie nusu saa upime upya, kwa sababu pampu iliyochoka inajificha oili ikiwa baridi, ikipata moto plau hainyanyuki.

Shika tairi la mbele ulitikise, kingpini (pini ambazo gurudumu la mbele linageukia) zilizoisha utazisikia. Matairi ya nyuma tazama nyufa za ubavuni na kutu ya rimu karibu na valvu, maana wengi hujaza maji ya chumvi ndani ili kuongeza uzito na chumvi inatafuna rimu. Mita ya masaa usiiamini. Namba ya chasisi ilingane na ya kwenye karatasi. Na kama halina fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka, ingiza gharama ya fremu na mkanda wake kwenye hesabu kabla hujataja bei yako.