Sanduku la gita nililochongewa Keko, baada ya mwaka mmoja

Gita langu lilivunjika shingo kwenye buti la basi, tukirudi kutoka kupiga kwenye harusi Morogoro. Lilikuwa ndani ya begi la kitambaa, na kuna abiria alilibebesha gunia la viazi. Nilipofungua zipu, kichwa kilikuwa kinaning'inia kwenye nyuzi. Nililia palepale stendi.

Fundi aliyeliunga aliniambia nisimrudie bila sanduku gumu. Nikaulizia Kariakoo: la bei ya chini kabisa lilikuwa shilingi 380,000, na gita lilicheza ndani yake kama embe ndani ya ndoo. Ndipo nikaenda Keko, kule ambako watu wa Dar tunafuata makochi na vitanda.

Karakana nne za kwanza waliniambia niandike vipimo kwenye karatasi, nirudi Jumamosi. Ya tano nilimkuta mzee akipiga randa. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasema, "Lete lenyewe nilione, mwanangu." Akatandika gunia safi juu ya meza, akalilaza gita, akalichora pembeni mzunguko mzima kwa penseli. Kisha akapitisha kidole nyuma ya kichwa. "Hapa pameinama. Kikilalia ubao, kitakatika." Nami sikuwa nimemwambia lilivunjikaje.

Alichokiona ndicho kiini cha kazi nzima. Nyuzi sita za chuma zikikazwa zinavuta kwa nguvu inayozidi kilo 70, na pale kichwa kinapoinama mbao ni nyembamba, mishipa yake imekatika njiani. Gita likianguka chali, kichwa ndicho kinachotangulia kugonga. Kwa hiyo mzee alichonga kipande kinene cha paini chenye bonde, kikapokea shingo karibu na kichwa, na kichwa chenyewe kikabaki hewani bila kugusa kitu. Masanduku mengi ya bei rahisi niliyoyafungua tangu siku hiyo hayana kipande hicho.

Mimi nilitaka mninga, kwa rangi yake. Alikataa. "Utabeba gita au utabeba mlango?" Akatumia paini ya milimita 12 pembeni, plaiwudi ya milimita 6 juu na chini. Ndani ni sentimita 108 kwa 44, kina 14.

Halafu akafanya jambo lililonitoa jasho. Aligundisha pande zote sita, likawa boksi lililozibwa kabisa, lisilo na mlango. Kesho yake akalipitisha kwenye mashine ya kupasulia, msumeno ukitokeza kidogo tu kupita unene wa ubao, upande mmoja baada ya mwingine. Kabla ya upande wa mwisho alichomeka vipande vya kadibodi kwenye mkato ili boksi lisibane msumeno. Kifuniko kikaachia. Kwa kuwa kilikatwa kwenye boksi lilelile, mpaka leo kinakutana na chini yake hata unywele haupiti.

Sponji ni ya godoro, ile ngumu, juu yake mahameli nyekundu. Gundi ya sponji inanuka sana. Niliacha sanduku wazi wiki nzima kabla ya kuweka gita, na ninakushauri ufanye hivyo, maana mvuke wa gundi si rafiki wa vanishi ya gita. Jumla nililipa 110,000, mahameli ikiwemo.

Kasoro zipo. Aliahidi siku nne, zikawa tisa, na simu alipokea mara moja tu. Alifunga komeo za kabati, moja ikalegea mwezi wa pili. Nikanunua kwa mafundi bati vile vifungio vya matranka ya shule, nikapiga ribiti, havijayumba tena. Chini hakupaka vanishi. Masika yalipoingia, kingo za plaiwudi zikanywa maji na kuvimba, nikalazimika kupiga msasa na kupaka vanishi mwenyewe mara mbili. Na ni zito: kilo 6 tupu. Kwenye daladala ya asubuhi unalisimamisha katikati ya miguu na kuomba radhi mpaka unashuka.

Lakini Desemba, tulipofika Moshi, utingo alilivuta kutoka kwenye buti likaanguka chini kwa kona. Sikuweza kulifungua pale. Nilisubiri mpaka kanisani tulikokuwa tunakwenda. Kona ilichubuka kiasi cha ukucha. Gita lilikuwa kwenye bonde lake kama nilivyolilaza, na uzi wa kwanza tu ndio ulioshuka sauti kidogo.

Ukienda, beba gita lenyewe, usibebe vipimo. Vifungio vya tranka nunua mapema umpelekee, na umwambie apake vanishi chini mbele yako. Jumatatu nimempelekea gita la besi la kwaya, ameshalichora.