Viatu vya ndani kwa anayeumwa kiuno: vya kununua na vya kuacha

Kabla hujanunua chochote, vua kandambili unazovaa nyumbani, ziweke juu ya meza, kisha uinamie uzitazame kwa nyuma. Zangu nilipozitazama hivyo, ya kulia ilikuwa imelika upande wa nje wa kisigino, imelala kabisa. Juu ya mteremko ule ndiko nilikokuwa nikisimama kila jioni kupika na kuosha vyombo, halafu naenda kulala nikilalamika kiuno.

Wayo ukilala upande, goti hufuata, nyonga nayo hufuata, na misuli ya kiuno ndiyo inayobaki na kazi ya kukuweka wima. Sakafu ya saruji au ya vigae inazidisha kazi hiyo kwa kuwa haibonyei hata kidogo. Lakini kiatu si dawa. Hata soli za kutia ndani ya viatu, tafiti hazijaonyesha kwamba zinazuia maumivu ya mgongo. Unachotafuta ni kupunguza uchovu wa kusimama, na kwangu kipimo kikubwa ni kimoja: kiatu kishike mguu, si mguu ushike kiatu.

Kwa kipimo hicho, namba moja ni sandali zenye mkanda wa nyuma. Mkanda ule unakupa uhuru wa kutembea bila kukunja vidole. Chagua yenye kisigino kilichoinuka kidogo tu, sentimita 1 hadi 2 kuliko mbele, na sehemu ya ndani iliyofuata umbo la wayo. Ukiwa dukani, ikunje: ipinde pale vidole vinapoanzia. Ikikunjika katikati, irudishe. Izungushe kama unayekamua nguo, inatakiwa ikatae. Bonyeza kisigino kwa kidole gumba: kibonyee kidogo, kisha kirudi. Nenda jioni, kwa sababu miguu huvimba kadiri siku inavyokwenda, na uache nafasi ya kama sentimita 1 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Halafu simama nazo hapo hapo kwa dakika kadhaa. Wengi huketi, wakavaa, wakalipa. Mgongo hauumii ukiwa umeketi kwenye benchi la duka.

Namba mbili ni raba nyepesi, uzitenge ziwe za ndani tu. Kwa anayesimama saa nyingi, au mzee anayepanda ngazi, mimi ningezipandisha ziwe za kwanza, kwa sababu hazichomoki mguuni. Kasoro yake ni joto na jasho.

Namba tatu ni ndara za mkanda mmoja mpana. Zinafaa kwa kutoka chumbani hadi sebuleni, ila sponji yake hulala haraka pale kisigino kinapokanyaga. Ukiona shimo la kisigino halirudi, zimekwisha hata kama juu bado zinang'aa.

Kutembea peku naliweka la nne. Kwa miguu mizima na kwenye zulia, halina neno. Kwenye sakafu ngumu na kwa kusimama muda mrefu, linachosha. Mwenye kisukari asitembee peku hata ndani: ganzi ya miguu inaweza kumfanya akanyage kitu chenye ncha asijue, kidonda kikaanza.

La tano ni malapa laini ya manyoya, na hapa ndipo watu wanapodanganyika zaidi. Ukiyavaa dukani unahisi umepumzika. Lakini ulaini ule hauna kitu cha kuuzuia mguu usilale upande, na baada ya wiki chache unakuwa unasimama juu ya sakafu ile ile. Yavae ukiwa umeketi.

Za mwisho ni kandambili nyembamba. Tembea nazo ukiangalia vidole: vinang'ang'ania kila hatua, na hatua yenyewe inakuwa fupi. Ziache bafuni, mradi soli isiteleze.

Ukivaa viatu vipya, anza na saa moja au mbili kwa siku. Maumivu yakishuka mguuni, mguu ukipoteza nguvu, ukipata ganzi sehemu za siri au ukashindwa kuzuia mkojo, acha habari ya viatu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.