Fundi wa kanda nyuma ya Marikiti: mwambieni asikate kitu

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Kuhamisha kaseti ya zamani iingie kwenye flashi ni shilingi 300 kwa kanda ya dakika 60, shilingi 400 kwa ya dakika 90, na flashi uje na yako. Kwa mtu mwenye kanda mbili tatu si kitu. Kwa mimi niliyekuwa na mfuko mzima uliokaa juu ya kabati tangu watoto wakiwa shule ya msingi, ilibidi nipeleke kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi na wangu.

Duka halina jina. Ukitoka Marikiti, soko letu la Mombasa, upande wa nyuma, ukawapita wauza viungo, ingia ndani kuelekea Mji wa Kale mpaka uone spika kuukuu zimepangwa nje ya mlango. Uliza "fundi wa kanda", utaonyeshwa. Redio na spika anatengeneza pia, lakini hayo mafundi wengi wanayajua. Kazi iliyonipeleka ni kuhamisha kanda za zamani ziingie kwenye flashi.

Mwanangu wa kiume alinicheka. "Mama, nyimbo zote hizo ziko YouTube, unalipia nini?" Ni kweli, ziko. Juma Bhalo wa taarab yuko, Zuhura Swaleh yuko, bendi ya Les Wanyika wako, tena safi kuliko zangu mara kumi. Lakini mimi sikuwa nikitafuta nyimbo.

Kabla ya fundi huyu nilipeleka kanda kwa duka jingine mjini, lenye kiyoyozi na risiti ya mashine, silitaji. Nilirudishiwa nyimbo safi, kila moja na namba yake, mwanzo umekatwa na mwisho umekatwa. Vigelegele wametoa. Watu kuzungumza wametoa. Hata pale wapigaji wanapotengeneza nyuzi zao kabla ya kuanza, wametoa. Yule msichana wa kaunta akaniambia kwa fahari, "Tumeondoa kelele zote, Mama." Kelele ndizo nilizowalipia! Namshukuru Mungu kanda zenyewe walinirudishia.

Kwa vijana ambao hawakuikuta hali ile: sehemu kubwa ya taarab tuliyosikiliza majumbani ilitoka harusini. Santuri zilikuwapo tangu zamani, za lebo ya Mzuri ya kina Assanand, na Mbwana Radio Service, duka la muziki, ni jina ambalo kila mzee wa Mombasa analijua. Lakini redio kaseti zilipoingia kila nyumba, harusi ndiyo ikawa studio. Mtu anaweka redio yake mbele ya spika, anabonyeza vidude viwili kwa pamoja, basi. Wiki ya pili nakala ziko Malindi na Lamu, na aliye na ndugu Uarabuni anampelekea.

Kanda niliyoithamini kuliko zote ni TDK ya dakika 90, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe: "Maulidi Juma, Majengo, 1984". Ilikuwa harusi ya binamu yangu, na Maulidi Juma ndiye mwimbaji. Nilikuwa na miaka 17 na kazi niliyopewa ni kuilinda redio isikanyagwe. Kiwanja kimezungushiwa maturubai, wapigaji wako juu ya jukwaa, wanawake tumejaa chini kwenye mikeka, mabuibui yamewekwa kando, leso zinang'aa.

Sasa, shangazi yangu na jirani yake walikuwa hawasemezani. Watu wakidhani ni mambo ya mwanamume. Wapi! Yalikuwa maji ya kuoshea vyombo yaliyokuwa yakitoka uani kwa mmoja na kupita mlangoni kwa mwenziwe. Ulipofika ubeti wenye fumbo la mtu asiyejua mpaka wake, shangazi akainuka na noti ya shilingi 20. Hakwenda moja kwa moja kumtuza mwimbaji, la. Alizunguka kwanza, akacheza polepole mpaka mbele ya jirani, akaipunga noti ile puani pake, ndipo akapanda jukwaani. Jirani naye akainuka na noti mbili. Mwimbaji akafanya kama mwimbaji yeyote mwenye akili: akaurudia ubeti uleule. Na ukarudiwa tena. Kwenye kanda huwezi kuwaona, lakini unausikia ubeti hauishi, unasikia vicheko vinapanda kila unaporudi, na karibu kabisa na redio kuna sauti ya mwanamke inasema, "Mwenye macho haambiwi tazama!" Halafu kishindo, nadhani ni kiti. Halafu mimi, kwa sauti nyembamba ambayo siwezi kuamini ilikuwa yangu: "Kanda yaisha! Ngojeni nigeuze!"

Tak. Dakika 45 zimekwisha. Upande wa B unaanza na wimbo mwingine, watu wametulia.

Fundi aliniachia yote hayo, mpaka ile tak. Shangazi yu hai, sasa ana miaka 81, nikamwekea kwenye simu. Alicheka akashika mbavu, kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua: ile noti ya pili ya jirani alimkopesha yeye mwenyewe, kabla hawajagombana, na hakulipwa mpaka leo.

Kazi yenyewe nilikaa nikaitazama, maana siku ile nilikuwa mteja peke yangu na yeye hachoki kuulizwa. Kanda ile ilikuwa imeota kuvu, alama nyeupe pembeni mwa utepe. Joto letu la Pwani na unyevu havina huruma. Hakuitia kwenye mashine. Alifungua skrubu tano za kanda, akainua mfuniko, akanionyesha kile kijitambaa kidogo kinachoubana utepe kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachousoma utepe: kilikuwa kimebanduka na kuanguka ndani. Akahamishia magurudumu yote mawili kwenye ganda jingine zima, akauzungusha utepe kwa mkono huku akiufuta kwa pamba. Akamaliza, akasafisha hedi kwa spiriti, ndipo akaitia.

Sauti ikatoka, lakini nzito, kama mtu anaimba na leso mdomoni. Nikafikiri ndiyo imekwisha hivyo. Yeye akachukua bisibisi nyembamba, akaigusa skrubu ndogo iliyo pembeni mwa hedi, akaizungusha kidogo sana huku ameinamisha sikio. Ghafla vigelegele vikachomoza. Akanieleza kuwa kila redio iliyorekodi ilikuwa na hedi iliyokaa kwa mwinamo wake, na asiyeifuata mwinamo ule atasikia sauti butu tu. Nikamuuliza wale wa mjini waliifuata? Akacheka, hakunijibu. Kijana ana adabu.

Jambo la pili lilinifurahisha zaidi. Kulikuwa na kanda ya Zuhura Swaleh, wa chakacha na ile taishokoto, ala ya Kijapani yenye vibonye. Ilipoanza, fundi akasimamisha. "Mamangu, huyu sauti yake ilikuwa nyembamba hivi?" Haikuwa. Ilikuwa imepanda na mwendo umekuwa wa mbio. Akasema redio iliyorekodi bila shaka ilikuwa ya betri, na betri zilikuwa zinakaribia kufa; utepe ulipita polepole wakati wa kurekodi, kwa hivyo ukiucheza kwa mwendo wa kawaida kila kitu kinakimbia. Akawa anapunguza mwendo taratibu, mimi nikimwambia bado, bado, hapo. Hakuwa na njia nyingine ya kujua. Alizaliwa baada ya mambo yote hayo, na aliona sawa kumuuliza aliyekuwapo.

Kanda ya Zein l'Abdin, udi mtupu na sauti, ilikuwa na mzuka wake. Kabla udi haujapigwa unausikia kwa mbali, umepigwa tayari. Fundi akasema ni utepe uliokaa umekunjwa miaka mingi bila kuchezwa, tabaka moja linaambukiza jingine. Akaniuliza kama autoe. Nikamwambia auache.

Za Juma Bhalo zilikuwa za baba. Baba alikuwa akisema Bhalo ameichukua tuni ya sinema ya Kihindi akaivalisha kanzu, na maneno ya binamuye, malenga Ahmad Nassir, ndiyo yaliyomfanya yeye baba asirudi nyumbani mapema. Bhalo alipofariki 2014 nilizitoa kanda zile nizisikilize, na mashine yangu ikatafuna moja. Fundi ameiunga pale ilipokatika kwa gundi-karatasi ya kanda yenyewe. Msitumie selotepu, nawaomba. Gundi yake huyeyuka na kuchafua kila kitu, na yeye hukasirika.

Ya Les Wanyika ni ya redioni, enzi za Sauti ya Kenya, kabla haijawa KBC. Gitaa linaingia vizuri, mtangazaji anasema juu yake, gitaa linashinda, na pale wimbo unapokolea anasikika mama kutoka jikoni akiniuliza kama mbaazi nimezitazama. Sikuwa nimezitazama. Kila nikiusikia wimbo ule kwenye matatu hungoja sauti ya mama pale pale.

Halafu kuna ile ya Mombasa Roots, ambayo kwa haki ni mbaya. Bendi za ufukweni za miaka ile, wao na Them Mushrooms kabla hawajahamia Nairobi 1987, zilikuwa zikipiga hoteli za watalii, na sisi mlango wa hoteli hatukuwa na pesa zake. Lakini ufuo hauna mlango. Tulikuwa tukisimama mchangani, nje ya uzio, tukicheza chakacha ya disko gizani bure kabisa, mpaka askari wa hoteli achoke nasi au sisi tukimbilie gari la mwisho la kurudi Kisiwani. Siku moja nilikwenda na redio. Upepo umeimba zaidi ya bendi. Fundi alisema anaweza kuupunguza, akanisikilizisha kwenye spika zake: bendi ikatoka kidogo, lakini vicheko vyetu vikawa kama vya watu walio chini ya maji. Nikamwambia arudishe upepo. Kwa hilo hakunitoza.

Sasa lawama. Risiti hana. Anaandika jina lako kwenye daftari la mazoezi lililochanika jalada, na siku daftari lile likipotea sote tumepotea. Wiki mbili zake ni mwezi. Mahali pa kukaa ni kigoda kimoja, feni inamtazama yeye na mashine zake, wewe utajipepea na bahasha. Majina ya nyimbo anayaandika anavyosikia, kwa hivyo kwenye flashi yangu kuna "Juma Balo" na kuna faili linaitwa "wamama wanagombana". Hilo la pili nimeliacha.

Tena usipomwambia atakupa MP3 tu. Mwambieni mnataka na WAV, faili la sauti lisilobanwa, na mwambieni mwanzoni, kwa sababu kanda ya dakika 90 inachukua dakika 90 kuihamisha, hakuna njia ya mkato, na hatakubali kuirudia. WAV ya kanda moja ya namna hiyo ni karibu gigabaiti nzima, kwa hivyo flashi iwe kubwa. MP3 ni ya kusikilizia, WAV ni ya kuweka.

Na liko moja ambalo kila mwanamke mwenye kanda za harusi aliangalie. Aliipenda ile ya Majengo akaniomba abaki na nakala, ikiwezekana aiweke mtandaoni, maana wapenzi wa Maulidi Juma ni wengi. Nilimkatalia. Wale wanawake walikuwa kwenye sherehe yao wenyewe, wamevua mabuibui, wanasema wanayoyasema kwa sababu waliojaa pale wote ni wenzao. Wengi wametangulia, huwezi kuwaomba ruhusa. Hakununa. Alilifuta faili mbele yangu kwenye kompyuta, akafungua na kile kikapu cha takataka akafuta na humo. Nilimtazama sana akifanya vile, na ndipo nilipoamua kumletea zilizobaki.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano ipo siku atakaponunua kitabu cha risiti.

Ijumaa hufunga kabla ya swala na kurudi alasiri. Santuri kwa sasa hachukui, sindano ya mashine yake imevunjika na nyingine hajapata. Aliye nayo nyumbani haitumii ampelekee, amesema atamhamishia kanda zake bila malipo.