OpenJML: nimeipa mfumo wa stoo ya mawese iukague, nyota tatu na nusu

Wakuu salama? Niko huku Kigoma, Mwanga, natengeneza mifumo ya wafanyabiashara kwa Java. Mteja wangu mmoja anauza mawese jumla, madumu ya lita 20, juzi kati kanipigia simu "mdogo wangu mbona kompyuta inanizidishia mzigo, inasema madumu mengi kuliko yaliyopo chini". Nikatafuta weee sioni kitu, tesiti zote kijani, yaani zimefaulu. Ndo nikaishusha OpenJML.

Kwa asiyeijua ni programu ya bure ya kukagua kodi ya Java, unaandika masharti ya kila metodi (kipande cha kodi kinachofanya kazi moja) kwa JML, lugha ya kuandikia masharti hayo, humohumo kwenye kodi yako (sio ya TRA lol), mstari unaanza na //@ kwahiyo Java yenyewe inaona komenti tu inapita zake. Haijaribu namba mojamoja kama tesiti, inageuza metodi na masharti yake kuwa hesabu ya mantiki halafu inampa solva, programu ya kutatua hesabu za mantiki, kama Z3 ya Microsoft atafute kama ipo thamani YOYOTE inayovunja ahadi. Wazo lenyewe la zamani, mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliliandika 1969, mwenzake Bertrand Meyer akaja kulijengea lugha ya programu ya Eiffel.

Sasa metodi yangu toa(int idadi) ilikua fupi tu, kama idadi <= madumu basi punguza. Nikaiwekea ahadi ya mwisho wa kazi, ensures madumu <= \old(madumu), \old ni idadi ya kabla, yaani ukitoa mzigo stoo haiwezi kuongezeka, nikajua hii inapita nikanywe chai. Ikagoma. Nikakaa nayo kama nusu saa ndo nikashtuka, idadi ikiwa -5 je? Ukitoa hasi tano umeongeza tano! Kumbe kijana wa stoo dumu likirudishwa alikua anaandika hasi kwenye fomu ya kutoa, na kwenye fomu ya kurudisha analiandika tena. Tesiti zangu zilikua na 1, 10, 100, nani anawaza kutoa madumu hasi matano? Nikaongeza sharti la kutimizwa kabla ya kuiita metodi, requires idadi > 0, ikahama ikaenda kuibana ile fomu kwamba inaita metodi bila kuhakikisha sharti. Hapo nikaipenda bure.

Ikanikuta tena kwenye jumla ya mauzo, inasema hesabu inaweza kupitiliza. Nikacheka, biashara gani hiyo ya Kigoma. Halafu nikapiga hesabu: int, aina ya kawaida ya namba nzima kwenye Java, mwisho 2,147,483,647, dumu tuseme 80,000, ukiuza dumu la 26,844 tu jumla inageuka hasi. Shilingi yetu na int haziendani jamani, wekeni long, inabeba namba kubwa zaidi.

Kwenye urithi, yaani klasi (fungu la data na metodi zake) moja kurithi nyingine, ndo mkali kabisa. Nina klasi Mteja, metodi ya kulipa inapokea kuanzia shilingi 1, nikatengeneza MtejaWaMkopo anayeirithi nikataka yeye akatae chini ya 10,000. Haikubali, mtoto anabeba mkataba wa mzazi, hawezi kudai zaidi ya alichodai mzazi. Ile kanuni ya Barbara Liskov niliyokariri chuo ili nifaulu, leo inanikatalia kazi mchana kweupe.

Nyota nilizokata ni za lupu, yaani kodi inayojirudia mizunguko. Kila lupu unaiandikia mwenyewe loop_invariant, kitu ambacho ni kweli kila mzunguko, na ukiandika dhaifu haithibitishi hata kama kodi iko sawa, mimi lupu ya mistari kumi imenilaza macho siku mbili na umeme wenyewe unakuja unakata. Jumbe zake pia zinakwambia imeshindwa kuthibitisha tu, we ndo ujue ni bagi kweli au sharti lako halijatosha. Na wa Windows mjiandae, mimi nilipitia WSL, ile Linux ya ndani ya Windows, na bando likaondoka.

Msije mkaiweka mfumo mzima, mtaacha kazi. Mimi nimeiachia klasi zinazogusa hela na mzigo, skrini na ripoti nimeendelea na tesiti. Anayetaka kuzama zaidi kuna KeY, programu ya aina hiyohiyo iliyoanzia Ujerumani, ndo watafiti waliitumia 2015 wakakuta bagi kwenye TimSort ya Java ambayo dunia nzima ilikua inaitumia kupangia orodha.

Mzee stoo yake sasa inasoma sawa, kafurahi kanipa dumu zima la mawese. Hela ya kazi bado tunazungushana.