Projekta ya zamani ya kubeba: inapofaa, inapochosha, na taa yake

Ninayoitumia ni ya teknolojia ya DLP (picha hutengenezwa na chipu yenye vioo vidogo), uzito kama kilo 3, picha ya pikseli (nukta za picha) 1024 kwa 768, mwangaza wa lumeni 2,000 ikiwa mpya, taa ya wati 200. Nyuma ina matundu ya VGA (la kompyuta za zamani), S-Video na lile la njano la video. HDMI, tundu la vifaa vya kisasa, haina. Nawaandikia waliopata mashine ya rika hili na wanajiuliza kama inastahili kununuliwa taa mpya. Kwa maandishi na slaidi, ndiyo. Kwa filamu, hapana.

Picha yenyewe haijachakaa, na hilo ndilo linalonifanya niitetee. Ndani ya chipu kuna vioo vidogo 786,432, kila kimoja pikseli moja, na kioo hakipauki. Projekta za LCD za umri huo huungua vichujio vya ndani, ukutani ukaona doa la manjano au la bluu lisilofutika. Herufi ndogo za jedwali hapa bado zinasomeka hadi pembeni.

Mwangaza ni suala la hesabu. Lenzi yangu ina uwiano wa umbali kwa upana wa picha wa 1.95, kwa hiyo picha yenye upana wa mita 2 inataka mashine ikae mita 3.9 kutoka ukutani. Picha hiyo ina kimo cha mita 1.5, yaani mita 3 za mraba: lumeni 2,000 zikigawanywa hapo ni kama 667 kwa kila mita ya mraba, na chumba kinaweza kubaki na mwanga kidogo. Ipanue hadi mita 3, zinabaki kama 296, na mapazia lazima yafungwe. Taa ikizeeka, kata hesabu hizo kwa nusu.

Usinyooshe picha kwa menyu. Marekebisho ya pembe ya kidijitali (Keystone) yanabana pikseli na herufi zinaingia ukungu. Iweke namba ya marekebisho hayo sifuri, kisha inua au shusha mashine yenyewe mpaka kingo zinyooke. Kompyuta nayo iwekwe kwenye 1024 kwa 768 hasa. Ukubwa mwingine wowote unalazimisha projekta kukisia.

VGA ina maudhi yake. Ukiona mistari ya wima inayotetemeka juu ya maandishi, bonyeza kitufe cha Auto huku ukurasa mweupe uliojaa skrini nzima ukiwa wazi. Ukibonyeza wakati slaidi ni nyeusi, mashine haioni kingo za picha na inaikata upande. Kwa kompyuta yenye HDMI pekee unahitaji adapta yenye chipu ya kubadilisha mawimbi. Kebo tupu yenye ncha mbili tofauti haifanyi kazi. Chagua yenye tundu la sauti la milimita 3.5, kwa kuwa VGA haipitishi sauti. Filamu zenye kinga ya kunakili mara nyingi hutoa skrini nyeusi kupitia adapta hizi, na hakuna mpangilio wa kompyuta unaolitibu hilo.

Filamu pana zinatumia mistari 576 tu kati ya 768. Robo ya vioo inakaa bure. Nyeusi yake ni kijivu. Gurudumu la rangi, linalozunguka mbele ya taa kuipa picha rangi, lina kipande cheupe cha kuongeza mwangaza, kwa hiyo manjano inageuka rangi ya haradali, na baadhi ya watu wanaona cheche za upinde wa mvua kila wanapohamisha macho. Feni nayo haisahauliki kwenye mazungumzo ya chini.

Sasa taa, maana ndiyo inayoua mashine hizi. Ni ya mvuke wa zebaki wenye mgandamizo mkubwa mno. Saa 2,000 zilizoandikwa (3,000 kwa hali ya Eco, yaani ya kupunguza mwanga wa taa) ni muda wa kufikia nusu ya mwangaza tu. Ukizima, acha feni imalize kazi ndipo uchomoe waya. Ukiiwasha tena ikiwa moto haitashika, kwa sababu mgandamizo ndani bado uko juu kuliko nguvu ya kiwashio, subiri, usibonyeze-bonyeze.

Kubadilisha: chomoa umeme, ngoja saa nzima, fungua kifuniko, legeza skrubu 2, vuta kwa mkono wake wa waya. Usiguse kioo cha balbu kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanaungua na kuacha sehemu inayopata joto kupita kiasi. Rudisha kifuniko mpaka kikae sawasawa, maana kuna swichi ndogo chini yake na isipobanwa mashine haiwaki kabisa. Wengi hudhani taa mpya ni mbovu, kumbe ni hiyo. Mwisho rudisha hesabu ya saa kwenye sifuri. Taa ikipasuka, fungua madirisha na toka chumbani kwanza. Mabaki yasitupwe na taka za kawaida.

Ikijizima baada ya dakika kumi na kijitaa cha joto kikawaka, angalia vumbi kabla ya kulaumu taa. Safisha matundu ya hewa kwa brashi laini, ukishika mapanga ya feni yasizunguke, na iachie nafasi ya sentimita 30 pande zote.

Kwa anayenunua iliyotumika: usiamini saa zilizo kwenye menyu, yeyote anaweza kuzifuta. Onyesha ukurasa mweusi utafute nukta nyeupe, kisha mweupe utafute nyeusi. Hivyo ni vioo vilivyokwama na havitengenezwi bila chipu mpya. Nukta mbili tatu zinavumilika. Zikiwa zimetapakaa kama nyota, iache hata kama taa ni mpya.